Ramani imepaka msitu wetu rangi nyekundu: mti wetu adimu tuuhamishie juu?

*"Mimi ni mmoja wa watu wanaotunza kipande cha msitu wa mlimani chenye mti adimu sana. Iliyokomaa haifiki hamsini, na hatujui mahali pengine inapoota. Hivi karibuni tulionyeshwa ramani ambayo msitu wetu umepakwa nyekundu ifikapo 2070. Kijani kimebaki karibu na kilele tu, ambako leo kuna nyasi na mawe. Tuliambiwa joto likiongezeka, makazi ya mti huu yatapanda juu. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kupanda miche hapa ni kazi bure, tuipeleke yote kileleni. Wengine wanasema mti umekuwa hapa maelfu ya miaka, utazoea tu. Tangu niione ramani hiyo sina raha. Je, mti wetu utakufa? Tuuhamishe au tuuache? Na hawa wachora ramani wanajuaje?"*

Nianze na swali lako la mwisho, maana majibu ya yale mengine yamejificha humo.

Mchora ramani hakupanda mlima wenu kuutazama mti. Alichofanya ni kukusanya alama za mahali ambapo mti huo umewahi kuonekana, kutoka kwenye lebo za vielelezo vilivyokaushwa na kuhifadhiwa katika makusanyo ya mimea, na kutoka kwenye orodha za watafiti waliopita huko. Kila alama akailinganisha na takwimu za hali ya hewa za mahali hapo: joto la wastani, mvua ya mwaka, ukali wa kiangazi, baridi ya mwezi wa baridi zaidi. Kompyuta ikatafuta mchanganyiko unaojirudia. Kisha akaiuliza: katika hali ya hewa inayotabiriwa, mchanganyiko huo utapatikana wapi? Unapobaki, kijani. Unapotoweka, nyekundu.

Kwa hiyo nyekundu uliyoiona ina maana moja tu: hali ya hewa ya hapo haitafanana tena na ya mahali ambapo mti huu umekutwa hadi leo. Haikusema mti utakufa, wala kijani hakikusema mti utafika kileleni.

Kwa mti ulioenea, wenye alama mamia, tofauti hiyo si kubwa sana. Kwa mti adimu ni kubwa mno. Kwanza, alama zenyewe ni chache, na pengine zote zimetoka kwenye kipande kimoja cha msitu. Pili, jambo linalonisumbua zaidi: mti adimu mara nyingi hauishi mahali unapopapenda, unaishi mahali ulipobakizwa. Shoka, moto na mashamba vikishausukuma hadi kwenye korongo moja, kompyuta itajifunza kwamba mti huo unapenda makorongo. Ni sawa na kumkuta mkimbizi kambini ukaandika kwamba watu wa kabila lake hupenda mahema.

Mfano mzuri ni msonobari wa Wollemi wa Australia. Ulijulikana kwa sayansi mwaka 1994 tu, ndani ya makorongo yaliyojificha magharibi ya Sydney, na porini miti iliyokomaa haifiki mia moja. Ukiichorea ramani kutokana na makorongo yale peke yake, utaamini ni kiumbe dhaifu kisichoweza kuishi kwingine. Lakini miche yake imepandwa katika bustani za nchi nyingi, zikiwamo za Uingereza yenye majira ya baridi, na inakua. Kilichoufungia makorongoni ni historia yake pamoja na moto, kuliko joto lenyewe. Sisemi mti wenu una uvumilivu kama huo. Nasema ramani peke yake haiwezi kukuambia kama unao au hauna.

Kuna na suala la ukubwa wa vipande. Ramani nyingi za aina hii hujengwa kwa miraba yenye upana wa karibu kilomita moja, na kila mraba una joto moja. Mlimani, kilomita moja inaweza kubeba mgongo mkavu unaopigwa na jua, bonde lenye kijito, na ukuta wa mwamba usioona jua la mchana. Zaidi ya hayo, takwimu hizo hutoka kwenye vituo vilivyojengwa mahali pa wazi, ilhali mche huanzia maisha chini ya kivuli. Uchambuzi wa vipimo vya sehemu nyingi za dunia uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba joto la juu kabisa la mchana ndani ya msitu huwa chini ya lile la nje kwa wastani wa nyuzi 4 hivi. Nyuzi 4 ni nyingi kuliko ongezeko lote la joto la dunia hadi sasa. Msitu uliofunga vizuri hujitengenezea hewa yake, na ukikatwa miti michache tu ya juu hewa hiyo inatoroka.

Muulizeni pia aliyewaonyesha ramani ametumia mkondo gani wa uzalishaji wa hewa ukaa. Ipo mikondo ambayo dunia inapunguza moshi haraka, na ipo ambayo haipunguzi kabisa. Ramani mbili za mti uleule zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana kwa sababu hiyo tu. Na ile "2070" si tarehe ya kifo. Kwa kawaida huwakilisha wastani wa miaka ishirini, kwa mfano 2061 hadi 2080.

Baada ya kuisema ramani hivyo, lazima nigeuke upande wa pili, maana wenzako wanaosema "utazoea tu" wasije wakaondoka na ushindi wasioustahili.

Mwelekeo ambao ramani imeuonyesha ni wa kweli. Katika muongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto la juu kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko nusu ya pili ya karne ya 19. Ukipanda mlima, joto hushuka kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo kila mita mia. Piga hesabu mwenyewe: hewa ambayo babu wa babu yako aliihisi mahali msitu ulipo, leo pengine iko mita mia na themanini juu yake. Hewa imeshahama. Mti haujahama, na hauwezi kuhama, kwa kuwa mti mmoja mmoja hauendi popote. Kinachoitwa kuhama ni vifo upande mmoja na miche mipya upande mwingine, na hayo mawili hayaendi kwa kasi moja.

Hebu tuangalie upande wa miche. Chukua mti unaoanza kuzaa ukiwa na miaka ishirini, ambao mbegu zake huanguka ndani ya mita thelathini. Kwa karne nzima utasogea mita mia na hamsini, ikiwa kila kizazi kimebahatika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009 yaliweka kasi ya kuhama kwa hali ya hewa kuwa karibu nusu kilomita kwa mwaka kwa wastani wa dunia. Milimani kasi ni ndogo zaidi, karibu mita mia moja kwa mwaka, kwa sababu kupanda kidogo tu hukupeleka kwenye baridi. Hata hiyo mia moja ni nyingi mno kwa mti wetu wa mfano. Ndiyo maana wabebaji wa mbegu wana uzito mkubwa katika habari hii. Ikiwa mti wenu una matunda makubwa yanayoliwa na hondohondo, popo au nyani, mbegu moja inaweza kuruka bonde kwa siku moja. Je, wanyama hao bado wapo? Nilitamani swali lako lingegusa hilo.

Sasa upande wa vifo. Mti uliokomaa una mizizi inayofika maji ya chini na akiba ya chakula shinani. Unaweza kustahimili miongo kadhaa katika hali ya hewa ambayo si yake tena, ukachanua, hata ukazaa. Mche una mizizi ya urefu wa kidole. Hewa yenye joto hunyonya maji kutoka kwenye majani kwa nguvu zaidi hata mvua isipopungua, hivyo mche hufunga vinyweleo vya majani ili usikauke, na ukivifunga hauwezi kujitengenezea chakula. Kiangazi kikirefuka kwa majuma mawili matatu, mzee hatikisiki na mche umekwisha. Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo, na haionekani kirahisi: mgeni anakuja, anaona miti mikubwa ya kijani, anapiga picha, anaondoka akisema msitu una afya.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mti wenu utakufa, sitaangalia ramani. Nitapiga magoti chini ya miti mikubwa nitafute watoto. Je, kuna miche ya mwaka huu, na ya kimo cha goti, na miti myembamba ya unene wa mkono? Ngazi zote hizo zikiwepo, mti unajirithisha, na nyekundu ya ramani ni onyo la mbali. Ikiwa kuna wazee na miche ya mwaka mmoja tu, na katikati hakuna kitu, basi kuna jambo linaua watoto tayari leo, na halikusubiri 2070.

Jambo hilo huenda lisiwe joto hata kidogo. Katika kisiwa cha Socotra cha Yemen kuna ule mti maarufu wa damu ya joka, wenye umbo la mwavuli. Majani yake hukamata maji ya ukungu. Utafiti wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba eneo linaloufaa lingeweza kupungua kwa asilimia 45 ifikapo 2080 kutokana na ukavu. Lakini nenda ukatafute miche yake: inayosalimika kwa wingi iko kwenye magenge, mbuzi wasikofika. Mwaka 2015 tufani mbili zilipiga kisiwa mfululizo zikang'oa miti mingi mikubwa. Hewa inabadilika, ndiyo, ila mbuzi ndiye anayeamua kama kutakuwa na mti wa kushuhudia mabadiliko hayo. Na mbuzi, tofauti na hewa, anaweza kuzuiwa kwa uzio mwaka huu.

Hoja ya "umekuwa hapa maelfu ya miaka" naielewa, na ina chembe ya ukweli. Miti ilivuka mwisho wa zama za barafu, joto la dunia lilipopanda kwa nyuzi kadhaa. Ila kupanda huko kulichukua maelfu ya miaka, na misitu wakati huo haikuwa imezungukwa na mashamba na barabara. Kuzoea kwa vizazi kunahitaji vizazi, na kunahitaji tofauti za urithi za kuchaguliwa miongoni mwake. Miti isiyofika hamsini, ambayo pengine mingi ni ndugu, haina mtaji mkubwa wa aina hiyo.

Wale wanaotaka kupeleka miche yote kileleni nao nina neno kwao. Kupanda mlima hakufuati joto peke yake. Pale Kilimanjaro, ambako ungetegemea msitu upande juu kadiri barafu inavyopungua, mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita kwa miongo kadhaa. Sababu ni moto: hewa ilivyozidi kukauka, moto ulirudi mara nyingi zaidi na kuteketeza misitu ya juu, nyasi na vichaka vikachukua nafasi. Laiti mtu angepanda miti yake adimu yote pale juu kwa kufuata kijani cha ramani, angekuwa ameipanda kwenye njia ya moto.

Kilele chenu chenye nyasi na mawe, je, kina udongo wa kutosha? Wale kuvu wa mizizi ambao mti huo hushirikiana nao wapo? Kuna usiku wa jalidi? Upepo? Mchavushaji wake huruka hadi huko? Na jambo ambalo watu wa miti (nikiwamo) hulisahau kirahisi: nyasi za kilele si uwanja mtupu unaosubiri msitu. Huenda zina mimea midogo ambayo ni adimu kuliko mti wenu, nayo haina pa kupanda tena.

Mfano unaobishaniwa kuliko yote uko Marekani. Mtoreya wa Florida uliishi kwenye kingo za mto Apalachicola, na katikati ya karne ya 20 ukaporomoka kwa ugonjwa wa kuvu. Mingi iliyobaki porini ni machipukizi tu yanayotoka mashinani. Mwaka 2008 kundi la wapenzi wa mti huo lilipanda miche yake North Carolina, mamia ya kilomita kaskazini, kwa hoja kwamba mti ulikwama kusini tangu zama za barafu. Wapo wanasayansi waliowaunga mkono na wapo waliokasirika, wakihofia kwamba miche ingesafiri na ugonjwa hadi kwa mimea mingine. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini tazama tofauti: mti ule ulikuwa umeshashindwa kuzaliana kwao. Kuhamisha ni dawa kali, na dawa kali huandikwa baada ya kumpima mgonjwa.

Basi mfanye nini? Ningekuwa mimi, nguvu nyingi ningeziweka hapo hapo mlipo. Miti mikubwa ndiyo inayowanunulia muda, na adui wake wa karibu ni moto, shoka na mifugo. Msidhani ukubwa ni kinga. Misequoia ya California, miti iliyozoea moto kwa milenia, ilipigwa na mioto ya 2020 na 2021, na inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 13 na 19 ya misequoia mikubwa yote duniani ilikufa au ilijeruhiwa kiasi cha kufa katika miaka hiyo miwili. Miaka miwili! Mkiwa na miti chini ya hamsini, moto mmoja wa kiangazi unatosha kumaliza mjadala wenu wote. Kwa hiyo njia za kuzuia moto kwanza, kabla ya kitalu. Na funikeni mapengo ya msitu kwa miti ya asili ya hapo hapo, ili ile hewa ya ndani isitoroke. Miti ya kigeni inayokua haraka na kunywa maji mengi iacheni ikae mbali.

Pili, mbegu. Kusanyeni kutoka kwa miti mingi kadiri iwezekanavyo, na kwa idadi yenu maana yake ni kila mti unaozaa, kila mmoja na mfuko wake ulioandikwa. Msichukue zaidi ya sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Zinazobaki ni za msitu na za ndege. Kabla ya kuzikausha mjue tabia yake: mbegu za miti mingi ya misitu yenye unyevu hufa zikikaushwa, hivyo haziwezi kuwekwa kwenye benki ya mbegu kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hizo akiba yake ni miti hai, katika bustani mbili tatu za mimea zilizo mbali na mlima wenu.

Tatu, miche. Mingi ipandwe ndani ya msitu wenu, lakini si popote: chagueni mabonde, kingo za vijito, pembe zenye kivuli cha mchana, yaani mahali ambapo mraba wa ramani haukupaona. Sehemu ndogo ipandwe juu kidogo ya mti wa juu kabisa uliopo leo, palipo na msitu tayari, kama jaribio. Kando yake tundikeni kipimajoto kivulini. Baada ya miaka mitano mtakuwa na kitu ambacho mchora ramani hana.

Kuna mahali ambapo jibu la kwenye maandishi halitoshi. Matawi ya juu yakianza kukauka kwenye miti mingi kwa msimu mmoja, au magome yakitoa utomvu mweusi, msihamishe hata mche mmoja mpaka mtaalamu wa magonjwa ya miti aje achukue sampuli, maana mnaweza kuwa mnaeneza ugonjwa. Utambulisho wa mti nao uthibitishwe kwa kielelezo chenye ua au tunda, kiangaliwe na mtu wa makusanyo ya mimea. Nimeona juhudi kubwa ikimwagwa kwa ndugu wa kawaida wa mti adimu. Kabla ya kupanda chochote nje ya eneo ambalo mti umewahi kuishi, nendeni kwa mamlaka ya misitu mkapate kibali, na mwombeni mhifadhi awapitishe kwenye mwongozo wa IUCN (muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa viumbe na mazingira) wa mwaka 2013 kuhusu kuhamisha viumbe, ambao huanza na swali la kama kuhamisha kunahitajika kweli. Na mahali hasa miti ilipo msipatangaze hadharani, hasa kama mbao au gome lake lina wanunuzi.

Kwa kikao chenu, pendekezo langu ni kwamba msimu huu kileleni kusiende mche wowote mpaka mjuzi wa mimea ya nyasi awe amepita huko. Kabla ya kupanda, tengeni viwanja vidogo chini ya miti mikubwa na kuhesabu miche kwa vimo vyake, muipe kila mmoja lebo. Mrudi kuhesabu mwisho wa kiangazi, si katikati ya mvua wakati kila kitu ni kijani. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ningependa kuiona, hata kabla ya ramani.